Msiihukumu Timu Changa kwa Mechi za Oktoba

Shabiki aliyelipa kiingilio ana haki ya kukasirika. Hana haki ya kumzomea kijana wa miaka 18 aliyekosea pasi katika mechi yake ya tano ya chuo. Mambo haya mawili huchanganywa kila mwaka hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani inapoanza, na tunaona wakati umefika wa kuyatenganisha.

Msimu hufunguliwa Oktoba. Timu iliyojaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza inafungwa wikiendi ya kwanza, inafungwa ya pili, na maneno yanaanza kumiminika. Kocha afungashiwe virago. Kipa apigwe benchi. Vijana hawana uchungu na jezi. Novemba haijafika, msimu umeshazikwa. Sisi tunaipinga haraka hiyo. Hatuipingi kwa kuwaonea huruma vijana peke yake. Tunaipinga kwa sababu historia ya mchezo wenyewe inaikanusha.

Tazameni Chuo Kikuu cha Maine, katika mji mdogo wa Orono. Jimbo hilo halina timu ya ligi kuu ya NHL, kwa hiyo watu wake wameifanya timu ya chuo kuwa ya kwao. Ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1993, msimu ambao ilishinda mechi 42, ikapoteza moja na kutoka sare mbili. Ikautwaa tena mwaka 1999. Shabiki wa Maine amelelewa kwa ushindi na hajui kuridhika na kidogo. Na katika jimbo hilo leo wamo wasemaji wengi wa Kiswahili: familia kutoka Kongo, Rwanda na Burundi zimeweka makao Portland na Lewiston, na watoto wao wanakulia mahali ambapo hoki ni gumzo la majira yote ya baridi.

Mwaka 2020 timu hiyo ilimpoteza kipa wake hodari, Jeremy Swayman, aliyekwenda kucheza kwa mshahara Boston Bruins. Tarehe 9 Aprili 2021 kocha wake, Red Gendron, ambaye alikuwa kocha msaidizi katika kikosi cha mabingwa wa 1993, alifariki ghafla. Siku iliyofuata Chuo Kikuu cha Massachusetts kikatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga St. Cloud State mabao 5-0. Mmoja wa makocha wasaidizi wa mabingwa hao alikuwa Ben Barr, na ndiye ambaye Maine ilimkabidhi timu iliyokuwa bado katika msiba.

Msimu wake wa kwanza ulikuwa mchungu. Mechi saba za ushindi, 22 za kupoteza, sare nne. Aliyetaka sababu ya kumtimua alikuwa nazo 22. Uongozi wa chuo haukumtimua. Msimu wa pili timu ikashinda mechi 15. Wa tatu ikashinda 23 na kuingia mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza tangu 2012. Wa nne ikashinda 24 na Machi 2025 ikalibeba kombe la ligi yake, Hockey East, ambalo mara ya mwisho ilikuwa imelishika mwaka 2004. Ni kweli kwamba mwaka 2024 na 2025 ilitolewa katika mechi yake ya kwanza ya mashindano ya taifa, na kwa mabingwa wa zamani hilo linauma. Lakini kutoka ushindi 7 hadi 24 ni safari ambayo hakuna aliyeweza kuiona kwa kutazama mechi za Oktoba 2021.

Barr hakubahatisha. Njia hiyo alishaiona ikipitwa. Huko Massachusetts alikuwa msaidizi wa Greg Carvel, ambaye katika msimu wake wa kwanza, 2016-17, alishinda mechi tano kati ya 36. Tano tu. Mwaka uliofuata aliwapokea vijana wapya, akiwemo beki Cale Makar, na akawapanga tangu mwanzo bila kuwaficha benchi. Wakashinda 17. Mwaka 2019 wakafika fainali ya taifa na kufungwa na Minnesota Duluth, na Makar akapewa tuzo ya Hobey Baker, inayomwendea mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 2021 wakawa mabingwa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kocha anayeogopa makosa ya chipukizi wake Oktoba atakuwa na chipukizi wale wale, na makosa yale yale, Machi.

Kwa nini timu changa huanza vibaya? Sababu ziko wazi kwa anayetaka kuziona.

Ya kwanza ni umri. Katika soka ya shule watoto hucheza na wa rika lao. Katika hoki ya vyuo kijana wa miaka 18 anaweza kukutana na mwanamume wa 24 aliyekomaa mifupa, katika mchezo ambao kugongana kwa bega ni sehemu ya sheria. Wengi huingia chuo baada ya kucheza ligi za vijana mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Anayeingia mapema kwa sababu ya kipaji huingia na mwili ambao haujakamilika.

Ya pili ni kazi ya ulinzi. Kufunga mabao kunaweza kuletwa na kipaji peke yake. Kuzuia kunataka mazoea: nani anabaki mbele ya goli, nani anamfuata mpinzani pembeni, nani anaitoa nje ile paki, kisahani cheusi cha mpira, kabla haijarudishwa langoni. Watu watano lazima wafikiri jambo moja kwa wakati mmoja. Hilo haliji kwa wiki mbili. Mguu unapochelewa, mkono hushika. Ndipo zinapokuja adhabu, mtu anakwenda kukaa nje dakika mbili, na wenzake wanne wanabaki kuwakabili watano.

Ya tatu ni kwamba kipaji kikubwa hakikai. NHL huwateua vijana wakiwa na miaka 18, na walio bora huondoka baada ya msimu mmoja au miwili. Kocha hujenga, akabomolewa, akaanza tena. Timu nyingi changa hazikuchagua uchanga, zimeachwa nao.

Wapo wanaodai kwamba kipaji kikiwa kingi, umri si kitu. Lakini mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na wachezaji wanne kati ya watano wa kwanza walioteuliwa na NHL mwaka uliotangulia: Owen Power, Matty Beniers, Luke Hughes na Kent Johnson. Timu ya Chuo Kikuu cha Denver iliwatoa katika nusu fainali, 3-2, katika muda wa nyongeza. Mwaka 2024 Boston College ilifika fainali ikibebwa na vijana wa mwaka wa kwanza, Will Smith, Ryan Leonard na Gabe Perreault, na walikuwa wameutawala msimu mzima. Denver hiyo hiyo ikawafunga 2-0. Ikiwa vijana bora kuliko wote nchini wanaweza kushindwa na timu iliyoiva, itakuwaje kwa vijana wa kawaida katika wiki yao ya tatu?

Sasa tuwasikilize waliokasirika, maana hoja wanazo.

Hoja yao kuu ni kwamba Oktoba inahesabiwa. Wamesema kweli. Timu 16 huingia mashindano ya taifa. Mabingwa wa ligi hupita moja kwa moja. Nafasi zinazobaki hutolewa kwa hesabu ya viwango inayotazama msimu mzima. Hesabu hiyo haijui huruma: mechi iliyopotezwa Oktoba ina uzito ule ule wa mechi iliyopotezwa Februari. Zaidi ya hapo, mechi nyingi za mwanzo huchezwa dhidi ya timu za ligi nyingine, na ndizo zinazoamua ligi ipi ina nguvu kuliko ipi. Timu imewahi kucheza vizuri kuanzia Januari ikakosa nafasi kwa sababu ya uzembe wa wiki za mwanzo. Kwa hiyo hatumwambii shabiki kwamba matokeo ya sasa si kitu. Ni kitu, na yana gharama.

Hoja ya pili ni kwamba uchanga usiwe kichaka cha kujificha. Hapo pia tunakubaliana nao. Kocha anayesema timu yake ni changa mwaka wa kwanza anaeleza hali. Akisema hivyo mwaka wa nne, anajieleza mwenyewe, kwa sababu wachezaji hao aliwachagua yeye. Tangu Agosti 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwachukua hata waliocheza ligi kuu za vijana za Kanada, na mlango wa kuhama chuo kwenda chuo uko wazi. Anayetaka wachezaji waliokomaa anaweza kuwatafuta. Aliyeamua kujenga kwa chipukizi aueleze umma mpango wake, na akubali kupimwa kwa mpango huo.

Hoja ya tatu ni fedha. Baada ya maamuzi ya mahakama ya mwaka 2025, vyuo vinaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, na baadhi ya mashabiki wanaona kwamba anayelipwa ni halali kuzomewa. Hoja hii hatuikubali. Malipo hayamwongezi mtu umri. Mchezaji huyo bado ana mtihani Jumatatu, bado anaishi bwenini na wanafunzi wenzake, na simu yake ndiyo inayopokea matusi usiku wa Jumamosi. Siku hizi matusi mengine hutoka kwa watu waliopoteza dau la kamari na hawajui hata chuo kiko mji gani. Shabiki wa kweli asikubali kuhesabiwa pamoja nao.

Basi shabiki afanye nini? Tunamwomba apime, na apime vitu vinavyopimika.

Ratiba ya vyuo inampa nafasi hiyo. Timu nyingi hucheza Ijumaa na Jumamosi, kisha zina siku nne za mazoezi kabla ya wikiendi nyingine. Msimu wa kawaida una mechi zisizozidi arobaini. Ndiyo maana shabiki hukaa na uchungu wa Jumamosi hadi Ijumaa, na ndiyo maana pia timu changa inaweza kubadilika sana kati ya Oktoba na Februari: muda wa kufundishwa ni mwingi kuliko muda wa kucheza.

Kwa hiyo tazameni kama adhabu zinapungua au zinaongezeka. Tazameni mashuti yanayomfikia kipa wenu kila mechi, maana kipa anaweza kufungwa manne usiku ambao mabeki wake ndio waliomwacha uchi. Tazameni dakika 20 za mwisho: timu inayofungwa ikiwa bado inakimbia ni tofauti na timu iliyokata tamaa. Tazameni kama kosa la wiki ya kwanza bado lipo wiki ya nane. Likiwepo, ulizeni kwa sauti, na swali limwendee kocha. Kumbukeni pia kwamba mwishoni mwa Desemba vijana walio bora huitwa kwenye timu zao za taifa kwa ajili ya kombe la dunia la walio chini ya miaka 20. Timu changa inaweza kuwakosa nyota wake wakati ule ule inapoanza kusimama.

Vyuo navyo vina wajibu. Haifai kuuza tiketi za msimu mzima kwa picha za ubingwa wa zamani wakati uongozi unajua kwamba unaanza upya. Waambieni watu ukweli kabla ya Oktoba: tunajenga, itachukua misimu miwili au mitatu, na hivi ndivyo mtakavyojua kama tunasonga mbele. Mashabiki wa mchezo huu si watoto. Wanachokichukia kuliko kufungwa ni kudanganywa.

Msimamo wetu ni huu. Mwaka wa kwanza wa ujenzi timu idaiwe bidii na nidhamu. Mwaka wa pili idaiwe maendeleo yanayoonekana kwenye jedwali. Mwaka wa tatu idaiwe matokeo, na isipoyaleta, kocha na mkurugenzi wa michezo wajibu. Maine na Massachusetts zimeonyesha kwamba kipimo hicho kinatekelezeka. Wachezaji wenyewe wadaiwe kujituma kila usiku, basi.

Nendeni uwanjani Ijumaa, hata kama wikiendi iliyopita mlifungwa mara mbili. Kaeni hadi king'ora cha mwisho. Mkiwa na la kusema juu ya uongozi, lisemeni kwa jina na kwa hoja, na mlipeleke kwa mwenye mamlaka. Kijana wa mwaka wa kwanza mwacheni ajifunze kazi yake. Mkimvunja moyo Oktoba, Machi mtamhitaji na hamtampata.