Santuri Mbili za Mwaka 1987 na Ugonjwa Usiotajwa Jina

Wasomaji wangu wa siku zote watanisamehe nikiliweka Bunge kando kwa juma hili, pamoja na bajeti na vyama, nikazungumzia muziki. Wasidhani nimehama uwanja. Nitakayoyasema yanahusu namna jamii inavyojisemea ukweli wake, nami nimelazimika kupitia mlango wa nyuma kwa sababu mlango wa mbele tumekwisha kuubisha mara nyingi.

Mashabiki wa Prince, yule mwanamuziki wa Minneapolis, Marekani, wana mchezo wasiouchoka. Unapewa albamu yake ya Sign o' the Times, iliyotoka mwishoni mwa Machi 1987 katika santuri mbili zenye nyimbo 16, kisha unaambiwa uipunguze iwe santuri moja. Unaondoa nini? Unabakiza nini? Niliufahamu mchezo huu nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ughaibuni. Kulikuwa na duka la santuri kuukuu karibu na nilipopanga, na kila Jumamosi mchana walikutana hapo watu wenye umri wa wazazi wangu, wengine na mvi kamili, wakabishana kuhusu albamu hiyo kama sisi tunavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Nimewaona watu wazima wakinuniana hadi jioni kwa sababu mmoja wao alithubutu kuuondoa “Starfish and Coffee”, wimbo wa kitoto kuhusu msichana wa shule ambaye chakula chake cha mchana si kama cha wenzake.

Kwa asiyemfahamu, Prince Rogers Nelson alizaliwa Juni 7, 1958. Baba yake alikuwa mpiga piano wa jazi, mama yake mwimbaji. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1978 akiwa na miaka 19, na vyombo vyote alivipiga mwenyewe. Wengi wanamjua kwa Purple Rain ya 1984, albamu na filamu zilizomfanya tajiri. Lakini waulize wanaompenda kwa dhati. Wengi wao watakutajia hizi santuri mbili, ambazo kwa mauzo hazikuifikia Purple Rain hata kwa mbali.

Sababu wanayoitoa ni moja: mchanganyiko. Upande wa kwanza unaanza na wimbo mkavu wa huzuni, wenye mashine ya ngoma, kinanda cha kompyuta na gitaa la bluzi basi. Unafuata wimbo wa kuruka juani, kisha fanki nzito ya kutikisa nyumba, kisha kisa cha ajabu cha mhudumu wa mgahawa, kinachosikika kana kwamba kimerekodiwa chini ya maji. Mbele kuna wimbo wa mapenzi wa kizamani wenye tarumbeta, kuna roki ya magitaa, kuna wimbo wa Msalaba unaoanza kwa mnong'ono na kuishia kwa kishindo, kuna kipande kilichorekodiwa mbele ya umati jijini Paris mwaka 1986, na mwishoni kuna “Adore”, dakika sita na nusu za sauti ya juu kabisa ya mwanamume anayeapa kupenda daima. Kuna pia wimbo ambao mwanamume anajiuliza kama mpenzi wake angemweleza siri zaidi iwapo angekuwa shoga yake badala ya kuwa mpenzi wake. Aliuimba kwa sauti iliyoharakishwa kwa mitambo, hata hujui kama ni ya kiume au ya kike. Mwaka 1987!

Nakubali kwamba si kila kitu humo ni dhahabu. “It” na “Hot Thing” mimi huziruka.

Wahakiki wachache waliona mchanganyiko huo ni ishara ya mtu aliyeshindwa kuchagua. Historia yenyewe inaonyesha kinyume. Katika mwaka 1986 Prince alikuwa na miradi mitatu: Dream Factory aliyoifanya na bendi yake ya The Revolution, Camille, ambayo angeitoa chini ya jina hilo la bandia, na baada ya kuivunja bendi mwezi Oktoba, Crystal Ball, santuri tatu zenye nyimbo 22. Kampuni ya Warner Bros. iliyokuwa na mkataba wake ilikataa santuri tatu. Akakata, akapanga upya, akaongeza, akatoa mbili. Kwa hiyo tunachokisikia kilichujwa mara tatu au nne, tena kwa hasira. Yeye mwenyewe alilazimishwa kuucheza ule mchezo wa mashabiki kabla yao.

Hapa ninatofautiana na rafiki zangu wa dukani. Wao huilaani kampuni kwa kitendo hicho. Mimi naamini kampuni ilikosea kwa nia na ikapatia kwa matokeo. Ilikuwa ikihesabu gharama za santuri ya tatu na hofu ya wanunuzi, wala haikuwa na habari na uzuri wa kazi. Lakini mkato ule ulimlazimisha mtu aliyekuwa na uwezo wa kurekodi wimbo kila siku ajiulize ni upi hasa unahitaji kusikika. Sijui msanii yeyote, wala mwandishi wa tasnifu yeyote, asiyehitaji mtu wa kumwambia hapana angalau mara moja.

Sasa nije kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, maana ndio ulionifanya niandike. Ni kama taarifa ya habari. Unaanza na mgonjwa anayekufa nchini Ufaransa, sindano, na mpenzi wake anayemfuata muda si mrefu. Kisha magenge ya vijana wenye silaha, mihadarati, mama aliyeshindwa kumlisha mwanawe, chombo cha anga kilicholipuka (Challenger ililipuka Januari 1986), na fedha zinazopelekwa mwezini wakati duniani watu wana njaa. Ugonjwa wenyewe hautajwi. Anasema tu kwamba ni mkubwa na jina lake ni dogo. Kila msikilizaji alijua.

Tukumbuke mwaka huo ulivyokuwa. Ugonjwa ulikuwa umeripotiwa Marekani tangu Juni 1981, lakini Rais Reagan alitoa hotuba yake kubwa ya kwanza kuuhusu Mei 31, 1987, miezi miwili baada ya albamu hii kuwa madukani. Huku kwetu Afrika, ni mwaka huohuo Franco Luambo Makiadi alipotoa “Attention na Sida”, akiwasihi watu wa kila tabaka wajihadhari. Naye alifariki Oktoba 1989. Na ni Oktoba 1987 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alipotangaza hadharani kwamba mwanawe aliyekuwa amefariki Desemba 1986 aliuawa na ukimwi. Mwanamuziki wa Minneapolis, mwanamuziki wa Kinshasa na baba mmoja aliyekuwa rais, ndani ya miezi michache, walifanya jambo ambalo serikali nyingi, vyuo vikuu vingi na nyumba nyingi za ibada zilikuwa hazijalifanya. Walifungua mdomo.

Mimi ni mtu wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu wa kwetu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa cha mtindo kilichovushwa mpakani kutoka Uganda, na ng'ambo ya pili uliitwa Slim. Baba yangu mdogo alifariki mwaka 1991, nami nilikuwa darasa la tatu. Alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mwenye radio kaseti kubwa kuliko zote kijijini. Msibani ilisemwa kifua. Wengine wakasema ametupiwa kitu na mshindani wake wa kibiashara, na shutuma hiyo iliugharimu ukoo wetu uhusiano na jirani mmoja hadi leo. Mkewe, mama mdogo, aliyejua vizuri alichokiuguza, alikaa kwenye mkeka akisikiliza uongo huo ukisomwa mbele ya waombolezaji. Miaka mitatu baadaye naye ikasemwa kifua.

Kwa hiyo nilipousikia wimbo huo kwa mara ya kwanza dukani, miaka ishirini na kitu baada ya kurekodiwa, sikuwaza fanki. Niliwaza yule mama kwenye mkeka.

Miongoni mwa mashabiki wale alikuwamo mwanamama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi katika wadi za wagonjwa wa ukimwi miaka hiyo ya themanini. Alikuwa hasemi sana. Siku moja zamu yangu ya mchezo ilipofika, nikasema kwa ujasiri wa msomi kijana kwamba ningeondoa “Play in the Sunshine”, ule wimbo wa pili wa kuruka juani, kwa sababu unaharibu uzito wa wimbo wa kwanza. Ilionekana kwangu utovu wa adabu kutoka kwenye vifo kwenda kwenye sherehe bila hata kupumua. Muuguzi yule akanijibu kwa upole kwamba inaonekana sijawahi kufanya kazi wodini. Akaeleza kuwa wagonjwa wake waliomba muziki wa kucheza, wala hawakuomba wa kulia. Kwamba kifo kilikuwa upande mmoja wa pazia na kicheko upande wa pili, na wakati mwingine hapakuwa na pazia. Akasema wa kuondolewa, kama ni lazima, ni wimbo wa kwanza, maana wao walikwisha kuzijua hizo habari.

Nilinyamaza. Tangu siku hiyo naamini kwamba sifa ya mchanganyiko inayotolewa na mashabiki, ikiishia kwenye ustadi wa mtu mmoja kupiga kila aina ya muziki, inaiibia albamu hii. Wengi wana ustadi. Prince alikataa kuitenga huzuni na anasa, sala na tamaa, taarifa ya habari na kitanda. Hata ule wimbo wa kwanza, baada ya kuhesabu maafa yote, unamalizikia kwenye hamu ya kuoana na kupata mtoto. Sisi wanasayansi ya jamii huyagawa haya katika sura: sura ya afya, sura ya uchumi, sura ya dini. Mtu anayeishi ndani ya janga hana sura. Anazika asubuhi, mchana anauza ndizi, usiku anatongoza.

Hata dosari za albamu zinanena hivyo. Fundi wake wa sauti, Susan Rogers, amesimulia jinsi kisa cha yule mhudumu wa mgahawa kilivyorekodiwa kwenye mtambo mpya uliokuwa haujapata umeme wote, ndiyo maana sauti za juu hazisikiki. Prince hakutaka kusimamisha kazi, na alipousikia akaupenda ulivyo. Katika ule wimbo wa mwanamume anayejiuliza kuhusu siri, sauti yake ilikwaruza kwa kosa la mitambo. Nalo likaachwa. Mtu aliyesifika kwa kutaka kila kitu kiwe kamili aliziacha hizo mbili.

Lipo suala la haki, nami sitalipita kwa sababu ni fani yangu. Miaka michache baadaye alipigana na kampuni ileile, akabadili jina kuwa alama mwaka 1993 na kujiandika shavuni kwamba ni mtumwa, kwa kuwa rekodi za jasho lake hazikuwa mali yake. Alizipata tena kwa makubaliano ya mwaka 2014. Aprili 21, 2016 akafariki nyumbani kwake Paisley Park kwa sumu ya fentanili, bila wosia. Mwaka 2020 albamu hii ikatolewa upya ikiwa na vipande 63 vilivyokuwa havijawahi kutoka, vikiwemo vile vilivyokatwa mwaka 1986. Mashabiki walishangilia. Mimi nilivisikiliza vyote, vingine kwa furaha kubwa, lakini kila mara nilijihisi kama mtu anayefungua sanduku la marehemu kabla ya arobaini. Aliyekuwa na haki ya kusema huu utoke, huu usitoke, alikuwa ameshaisema. Sishauri zichomwe, la hasha. Zingewekwa zisikilizwe na watafiti, zisiuzwe kwa jina lile lile kana kwamba ni kazi aliyoikamilisha.

Bado nauchezea mchezo ule, peke yangu, nikiwa kwenye foleni ya magari kutoka Mlimani. Nimekwisha kuondoa nyimbo nyingi na kuzirudisha. “Play in the Sunshine” sijaigusa tena. Juma lililofuata baada ya kumzika baba mdogo, binti wa shangazi aliolewa, kwa sababu mahari ilikwisha kupokelewa na wageni walikuwa njiani. Radio kaseti ya marehemu ndiyo iliyopiga muziki, na mama mdogo, akiwa bado amefunga kitambaa cheusi kichwani, aliingia uwanjani akacheza wimbo mmoja mpaka ukaisha.