Darasa la WeChat lisiwe adhabu

Leo naomba nitetee kidogo haya madarasa ya WeChat, maana wengi mnayaponda tu.

Mtakumbuka China ilivyofunga mipaka Machi 28, 2020. Wengi walikwama nyumbani mpaka 2022, na mimi nikiwemo, Dar. Jamani, kipindi cha saa mbili asubuhi hapa Guangzhou ni saa tisa usiku kule! Mwalimu mmoja alikuwa anaita majina kwenye video. Bando likikata, umehesabiwa mtoro.

Mwingine alituma sauti kwenye grupu. WeChat hairuhusu sauti kuzidi dakika moja, basi ikambidi akate somo vipande vipande. Asubuhi nasikiliza, narudia pale Kichina kiliponishinda, nauliza. Somo lake ndilo nililolielewa. (Mafaili ndiyo shida: ukichelewa siku kadhaa hayafunguki tena.)

Kwa hiyo tatizo siyo simu. Wakituuliza wanafunzi, mimi napendekeza mahudhurio yahesabiwe kwa swali au jibu la mwanafunzi kwenye grupu, ndani ya saa 24, siyo kwa kuonekana sura usiku wa manane.