Mawese ya Kisangani, jiko la Malaysia
Anayezunguka wilaya ya Makiso, mjini Kisangani, akitafuta tambi za Kichina au wali wa Kimalaysia kwa bei ya mtu wa kawaida afadhali akae malewa, mgahawa wa mtaani, kwenye benchi la mbao, mbele ya masufuria ya mama mpishi. Hapo kuna sombe ya majani ya muhogo, kuna liboke la samaki lililochomwa ndani ya majani, na kuna lituma, ndizi zilizochemshwa na kutwangwa mpaka zikawa donge laini, chakula ambacho watu wa mkoa wa Tshopo wanajivunia kwa haki kabisa. Wali pia upo: Waswahili wa mfanyabiashara Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) mwaka 1887, walieneza mpunga huku. Na Malaysia yenyewe haiko mbali na masufuria hayo, kwa sababu ya mawese. Mchikichi, unaotoa mawese, ni mti wa Afrika Magharibi na ya Kati; miche 4 ilipandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na uzao wake ukafika mashamba ya Malaysia. Tena, ni Yangambi, kilomita kama 100 ukishuka mto kutoka Kisangani, ambako watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 jinsi unene wa ganda la kokwa unavyorithiwa. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya tenera, mchikichi wa ganda jembamba na mafuta mengi, ambao leo umetawala mashamba ya Malaysia na Indonesia. Mama wa malewa, anayekaanga makemba, yaani ndizi, kwa mawese hayohayo, anastahili paa imara na maji safi sokoni.