Mashine Inayokungoja

Kila Jumamosi napanda matatu kutoka Kitale hadi Bungoma kufundisha vijana jinsi Commodore 64 inavyofanya kazi ndani, na kila Jumamosi kuna msee wa kunicheka. Kompyuta ya 1982, enzi hizi za akili bandia? Si hizo ni kumbukumbu za utotoni za Wazungu?

Mimi sina utoto wa kukumbuka hapo. Kwetu Kiminini sikuona mtu akichomeka Commodore kwenye TV. Hata sasa sina mashine yenyewe. Natumia VICE, programu ya bure inayoiigiza, ndani ya laptopu kuukuu. Naitetea kwa sababu moja tu: mfumo wake endeshi unaenea kichwani mwa mtu mmoja, wote.

Unaitwa KERNAL (ndiyo, kwa A, ndivyo Commodore walivyouandika), una kilobaiti 8, na umekaa kwenye ROM. Ukiwasha, skrini ya bluu, neno READY, basi. Inakungoja wewe. Andika POKE 53280,0 na ukingo wa skrini unageuka mweusi, kwa sababu 53280 ni anwani kwenye chipu ya picha, na chipu hiyo inasoma 0 kama rangi nyeusi. Hakuna nywila, hakuna kuomba ruhusa. Kuandika herufi kwenye skrini kuna mlango wake, 65490. Kijana akishaiona milango hiyo, anajua mfumo endeshi ni nini: karani anayejua kila kitu kinapokaa.

Shuleni tulikariri tu. Taja kazi nne za mfumo endeshi. Tukazitaja, tukapata maksi, tukasahau.

Sasa nenda Kanduyi, stejini. Jamaa wa boda amechukua simu ya kulipia kidogo kidogo. Akiruka malipo, simu inajifunga. Betri imejaa, kioo kizima, lakini haimsikii. Ukimuuliza, anakwambia ni netiweki. Wapi! Ni mfumo endeshi, na tangu siku ya kwanza ulikuwa na bosi mwingine. Deni alipe, sibishani na hilo. Ninachokataa ni mtu kubeba mfukoni kitu kinachomtii mwingine, halafu tumwambie hiyo ndiyo teknolojia, azoee.

Nyinyi mnaotaka tuanze na akili bandia, mtamfundisha nini mtu asiyejua kama picha zake ziko kwenye simu au kwenye kompyuta ya kampuni ng'ambo? Atajua kuuliza maswali, sawa. Nani anamjibu, hatajua.

Wiki iliyopita tulifika pale ambapo KERNAL, kama mara 60 kwa sekunde, inaacha shughuli zake kidogo ili iangalie kama kuna kitufe kimebonyezwa. Binti mmoja wa Webuye akatoa simu yake, akaigeuza geuza.

"Na hii, mwalimu, inaangalia nini?"

Jumamosi hii tunaanzia hapo.