Mbegu Ihukumiwe Kwenye Shamba Lake

Wengi wakisikia neno desturi wanafikiri ngoma, mahari na majina ya ukoo. Sisi tunasema mbegu nayo ni desturi. Mama zetu walichagua mtama shuke kwa shuke, wakayaweka juu ya jiko yapate moshi. Ile ni akili ya vizazi, na leo inatukanwa.

Banasema: "Mbegu zenu za kienyeji hazizai. Chukueni mbegu ya kisasa na mbolea ya dukani, mutashiba." Haya, tuwajibu kwa hesabu.

Kwanza tukubali ukweli. Mwaka 2012 Verena Seufert na wenzake wawili walilinganisha vipimo vya nchi nyingi. Waliona kwamba kilimo hai, kile kisichotumia mbolea wala dawa za kiwanda, kinatoa mavuno pungufu kwa 5 hadi 34 kwa mia, kufuatana na zao na hali ya shamba. Kwenye nafaka upungufu ulikuwa karibu 26 kwa mia. Anayeficha hesabu hii anamudanganya mkulima.

Lakini tuulize: mbegu zilizopimwa zilizaliwa kwa shamba gani? Angalieni ngano. Ngano ya zamani ilikuwa ndefu. Ukiipa mbolea nyingi, shuke linakuwa zito, bua linalala chini. Ndiyo maana Norman Borlaug, kule Meksiko, alitengeneza ngano fupi yenye kusimama, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kazi kubwa, hatuibishi. Lakini pasipo mbolea wala dawa ya magugu, ule urefu wa zamani ulikuwa na faida yake: ngano ndefu inafunika majani mabaya, ile fupi inafunikwa nayo.

Tena, huko Washington, jimbo la Marekani, Kevin Murphy na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba ngano iliyochaguliwa ndani ya shamba hai lenyewe ilizaa humo 5 hadi 31 kwa mia zaidi kuliko ile iliyochaguliwa kwenye shamba la mbolea. Kumbe sehemu ya ule upungufu ni kosa la kupeleka mbegu kwa shamba lisilo lake!

Sasa turudi kwetu Kivu. Mahindi yalitoka Amerika, si ya babu wa kwanza. Wazee waliyapokea, wakayachagua: punje ngumu, maganda yenye kufunga mpaka ncha, ili wadudu wa ghala wasiingie upesi. Mbegu chotara inaweza kujaza gunia siku ya kuvuna. Lakini ukirudisha punje zake shambani msimu wa pili, nguvu inapungua. Lazima ununue tena. Na pale barabara imekatika, utanunua kwa nani? Vita vilipotukimbiza, familia ngapi ziliacha mbegu nyumbani, zikarudi na mikono mitupu? Mbegu iliyopotea hivyo hairudi kwa gari la msaada.

Hatusemi kila kitu cha babu ni kizuri. Udongo uliochoka hauponi kwa sifa za wazee. Huko Rothamsted, Uingereza, shamba la ngano linapimwa tangu 1843, na sehemu inayopewa samadi imezaa karibu sawa na ile ya mbolea ya kiwanda. Lakini samadi yenyewe ni tani 35 kwa hekta kila mwaka. Sisi ambao ng'ombe wetu waliporwa, tutaitoa wapi? Basi tunza mboji, panda maharagwe kati ya mahindi, na anayeweza kununua mbolea kidogo asione haya.

Tunachodai kwa baagronomu ni kidogo. Mukija na mbegu mpya, pandeni ya mama kando yake, katika shamba lile lile, bila mbolea, kama sisi tunavyolima. Musihesabu siku ya kuvuna tu. Rudini kisha miezi sita, fungueni ghala, hesabuni kilichobaki. Halafu waulizeni akina mama unga gani unatoa bugali mzuri, na mtama gani unafaa kwa kasiksi.

Mbegu mpya ikishinda hapo, tutaipokea kama wazee walivyopokea mahindi. Mpaka siku hiyo, mtu asituambie tumwage ile ya nyumbani.