Fundi, futa kabla hujaondoka
Wiki hii nasema na mafundi wa kompyuta wa Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, mnaosimika seva za baruapepe kwenye shule, saccos na ofisi. Seva mnaijaribu vizuri. Tatizo ni zile kompyuta mbili tatu mnazoazima kwa majaribio: mnaweka Thunderbird, mnafungua akaunti, mnatuma barua yenye kiambatisho kizito, mnaona imefika, mnapongezana, mnaondoka. Kompyuta inarudi kwa karani ikiwa na nenosiri la msimamizi ndani yake. Tena ukiondoa akaunti kwenye Thunderbird bila kuchagua kufuta na data, barua zenyewe hubaki kwenye diski. Na aliyejaribu POP3 badala ya IMAP huenda amezihamishia barua zote kwenye mashine hiyo na kuziondoa kwenye seva. Mwenyewe atazitafuta hadi achoke. Akaunti halisi za nini, lakini? Kikoa cha .test kimetengwa kwa majaribio tangu 1999. Fungueni mtumiaji mpya kwenye kila kompyuta, fanyieni kazi humo, kisha mfuteni pamoja na mafaili yake, na cheti cha usalama cha majaribio mkiondoe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Nanyi wenye ofisi, msimlipe fundi kabla hajawaonyesha kompyuta zilizosafishwa.