Meza ya Mkoloni ni Amana ya Umma

Ipo hapa Iguguno meza ya mninga, iliyosalia tangu zama za Waingereza, ambayo uso wake umejaa madoa ya wino na ambayo mtoto wake wa meza hufunguka kwa taabu; fundi aliziunga mbao zake kwa meno pasipo msumari. Wanunuzi wa samani kongwe wanaitamani, na wapo wanaodai kuwa mwenye kuishika ndiye mwenye kuimiliki.

Rai hiyo siikubali. Kabla ya kuuliza ni nani aliyeketi nyuma ya meza za namna hii, yatupasa tuwakumbuke waliosimama mbele yake: wakulima na wafugaji walioleta kodi, na wadaawa waliosikilizwa katika mabaraza ya watemi, ambayo serikali ya Gavana Donald Cameron iliyatia nguvu kwa sheria ya mwaka 1926, hata utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963. Samani za mabaraza hayo na za ofisi za kodi aghalabu zilipatikana kwa jasho la walipa kodi. Basi kwa haki na insafu ni mali yao.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda kwa jina milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, lakini meza haikuzitaja. Hiyo si hoja ya kuzipuuza. Halmashauri yetu ya Mkalama na iziorodheshe, iandike asili yake kwa ushahidi wa wazee ambao wangali hai, wala isiuze hata moja kabla wananchi, ambao ndio wenyewe, hawajashauriwa.